Bwana Diesel na Injini Yake

Ukienda Feri, Dar es Salaam, utaona pantoni likivuka kwenda Kigamboni. Limebeba watu na magari. Ukitoka hapo ukaenda Kariakoo, utaona malori yakishusha viazi na vitunguu kutoka mikoani. Pantoni na malori hayo hutumia dizeli. Watu wengi hudhani dizeli ni jina la mafuta tu. Sivyo. Diesel lilikuwa jina la mtu.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, na hawakuwa na fedha nyingi. Mwaka 1870 Wafaransa na Wajerumani walipigana vita. Familia ya Diesel ililazimika kuhama, ikakimbilia London. Maisha huko yalikuwa magumu. Rudolf, mtoto wa miaka 12, akapelekwa Augsburg, Ujerumani, kukaa kwa jamaa. Alisoma kwa bidii mpaka akaingia chuo cha ufundi cha Munich.

Chuoni alifundishwa na Profesa Linde, bingwa wa mashine za barafu. Profesa alieleza kuwa mashine ya mvuke hupoteza karibu joto lote la makaa. Katika kila sehemu 100 za joto, sehemu 10 tu au chini yake ndizo hufanya kazi. Jambo hilo lilimwingia sana Diesel. Akaanza kufikiria injini isiyopoteza mali namna hiyo. Tena mashine ya mvuke ilikuwa kubwa na ghali, ya kununuliwa na matajiri wa viwanda. Yeye alitaka hata fundi mdogo apate nguvu ya mashine.

Wazo lake si gumu kulielewa. Jaza upepo tairi la baiskeli, kisha shika bomba. Lina joto. Hewa ikibanwa hupata joto. Diesel alitaka kuibana hewa ndani ya silinda mpaka iwe na moto wa kuwasha mafuta bila cheche. Ndiyo maana injini ya dizeli haina plagi kama ile ya petroli.

Lakini kuwaza ni kazi moja, na kutengeneza ni kazi nyingine. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilikubali kumsaidia. Mwezi wa Agosti 1893 alijaribu injini yake ya kwanza. Kipimo kilichofungwa juu yake kikalipuka, nusura kimuue. Diesel hakuiacha kazi. Mwezi wa Februari 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa dakika moja tu. Dakika moja, baada ya miaka ya kazi! Mwaka 1897 profesa mmoja aliipima injini mpya. Katika kila sehemu 100 za joto la mafuta, 26 zilifanya kazi. Hapakuwa na injini nyingine iliyoweza hivyo.

Injini hiyo ilikuwa na urefu wa mita 3 kwenda juu. Haikufaa kuwekwa ndani ya gari. Malori ya kwanza ya dizeli yalitoka Ujerumani mwaka 1923 na 1924, na Diesel hakuyaona.

Tuseme kidogo habari ya malori, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokutana na kazi ya mtu huyu. Mwenye lori la kuvuta trela kupanda Kitonga, kule Iringa, huchagua dizeli. Injini hii huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Kwa mzigo uleule, hula mafuta machache kuliko ya petroli. Lakini ina adui wawili: maji na takataka ndani ya mafuta. Matundu ya nozeli ni madogo mno, huziba na kuharibika upesi. Kwa hiyo chujio la mafuta hubadilishwa kwa wakati wake.

Moshi mweusi mlimani ni dalili kuwa mafuta ni mengi kuliko hewa. Labda chujio la hewa limejaa vumbi. Labda nozeli inavuja. Au labda dereva amemwomba fundi afungue pampu ili lori lipate mbio. Nguvu itaongezeka kweli, kwa siku chache. Kisha tangi litakauka njiani, na pistoni zitaungua. Pampu ya dizeli hupimwa kwa mashine yake, silinda baada ya silinda. Haikisiwi kwa bisibisi.

Turudi kwa Diesel. Injini yake ilimpa utajiri mkubwa. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1903 aliandika kitabu juu ya wafanyakazi kuungana na kumiliki kazi zao wenyewe. Watu wachache walikinunua. Hodari wa injini hakuwa hodari wa fedha. Aliingia katika kesi na biashara mbaya, afya ikamsumbua, madeni yakamzidi.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Alikula chakula na wenzake, akaaga, akaomba aamshwe asubuhi mapema. Asubuhi kitanda chake kilikutwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikuwa juu ya meli. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini. Walichukua vitu vya mfukoni, wakaiacha maiti majini. Mwanawe aliviona vitu hivyo akavitambua: vilikuwa vya baba yake. Wengine walisema alijiua kwa ajili ya madeni. Wengine walisema aliuawa. Alikuwa na umri wa miaka 55.