Andreas Grüntzig, muganga aliyefungua mshipa wa moyo bila kupasua kifua

Siku hizi tunasikia kama fulani amewekewa kibomba kidogo cha chuma ndani ya mshipa wa moyo. Wanakiita sitenti. Njia iliyoleta kibomba hicho ilifunguliwa na muganga moja Mjerumani, Andreas Grüntzig.

Alizaliwa Dresden tarehe 25 mwezi wa sita 1939, miezi michache mbele ya vita kuu ya pili. Alikomalia Leipzig, Ujerumani ya Mashariki, kisha akahamia upande wa Magharibi na kusomea uganga Heidelberg. Baadaye akapata kazi Zürich, Uswisi.

Wakati ule, mtu mwenye mshipa wa moyo uliozibwa na mafuta alikuwa na njia mbili tu: dawa ao kupasuliwa kifua. Mwaka 1964 Mwamerika Charles Dotter alikuwa ameonyesha kama mshipa wa mguu unaweza kufunguliwa kwa kupitisha mrija ndani yake. Grüntzig alitaka kufika mpaka kwenye moyo. Magaribi, jikoni kwake, alikuwa anatengeneza vipira vidogo vya plastiki na kuvifunga kwenye mrija mwembamba. Bibi yake na msaidizi wake Maria Schlumpf walikuwa wanamusaidia. Kipira kikifika pale panapobana kinajazwa, kinasukuma mafuta pembeni, damu inapita.

Waganga wengi hawakuamini. Lakini tarehe 16 mwezi wa tisa 1977, pale Zürich, alifungua mshipa wa moyo wa mgonjwa wa miaka 38. Mgonjwa hakulazwa usingizi, alikuwa macho. Zaidi ya miaka 20 kisha, mshipa ule ulikuwa ungali wazi.

Grüntzig hakuficha mabaya. Mwaka 1979 alitoa hesabu ya wagonjwa 50 wa kwanza: kwa 32 ilifaulu, kwa wengine haikufaulu, na wamoja walipasuliwa haraka. Mwaka 1980 akahamia Atlanta, Marekani. Shida kubwa ilibakia: karibu mgonjwa moja kwa tatu, mshipa ulibana tena katika miezi michache.

Jibu la shida hiyo hakuliona. Tarehe 27 mwezi wa kumi 1985, ndege aliyoendesha mwenyewe ilianguka Georgia. Alikufa pamoja na bibi yake wa pili, akiwa na miaka 46. Miezi mitano kisha, Toulouse kule Ufaransa, Jacques Puel aliweka sitenti ya kwanza katika moyo wa mtu, ili mshipa usijifunge tena. Leo sitenti nyingi zimepakwa dawa, na kubana tena kumepunguka sana.

Je, sitenti inaponyesha kabisa? Kwa mtu ambaye moyo unashambuliwa sasa hivi, kufungua mshipa haraka kunaokoa maisha. Lakini kwa mwenye maumivu yanayokuja tu akitembea ao akifanya kazi nguvu, uchunguzi mkubwa wa mwaka 2007, wenye wagonjwa 2 287, ulionyesha kama inapunguza maumivu, ila haipunguzi vifo kupita dawa nzuri peke yake. Kwa hiyo kuacha tumbako, kupimisha tension na kumeza dawa kila siku bado njo msingi.

Ukisikia kifua kinabana, maumivu yanaenda kwenye mkono ao taya, jasho linatoka, usingoje kesho: nenda hospitali. Na mwenye sitenti asiache dawa za damu bila muganga kusema.