Pío del Río Hortega: Daktari aliyewaona walinzi wa ubongo

Mwili una askari wanaopambana na vijidudu. Je, ubongo nao una askari wake? Aliyetupatia jibu ni daktari wa Uhispania, Pío del Río Hortega.

Alizaliwa mwaka 1882 katika mji mdogo wa Portillo, mkoa wa Valladolid. Alisomea udaktari, akarudi kwao kutibu wagonjwa kwa muda, kisha akaelekea Madrid kufanya utafiti. Huko alikuja kufanya kazi katika maabara ya Santiago Ramón y Cajal, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1906.

Seli za ubongo hazionekani vizuri kwa hadubini mpaka zitiwe rangi. Hortega alibuni njia ya kuzitia rangi kwa kutumia madini ya fedha. Mwaka 1919 alitangaza seli ndogo zenye matawi, akaziita mikroglia. Ubongo ukidhurika, seli hizi hubadilika umbo, husogea na kula uchafu. Mwaka 1921 akaeleza seli nyingine, oligodendroglia.

Mkubwa wake hakukubaliana naye, na mwaka 1920 Hortega aliondolewa kwenye maabara ile. Hakukata tamaa, aliendelea na kazi mahali pengine hapo hapo Madrid. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1936, alihama nchi: Paris, Oxford, na mwisho Buenos Aires, Argentina, alikofariki mwaka 1945.

Kwa nini tunamkumbuka? Kuna ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi. Mishipa ya fahamu ina ala, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia ala hiyo. Mgonjwa hufa ganzi, huona ukungu, miguu hukosa nguvu. Oligodendroglia ndizo zinazotengeneza ala. Mikroglia zikichachamaa huongeza uharibifu, zikitulia husaidia kusafisha na kuponya.

Leo watafiti wanachunguza neuropeptaidi, yaani vipande vidogo vya protini ambavyo neva hutumia kupelekeana ujumbe. Katika maabara, kimoja kiitwacho VIP kimeonekana kutuliza mikroglia. Kingine, dutu P, huzichochea. Bado si dawa ya ugonjwa huu, lakini njia ya utafiti imefunguka.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ganzi isiyoisha au macho kufifia ghafla si jambo la kukimbilia kuita kurogwa. Wahi kituo cha afya.