Tumkumbuke Ernst Abbe, bingwa wa hadubini

Leo tunamkumbuka Ernst Abbe, Mjerumani aliyezaliwa Eisenach mwaka 1840. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi, akisimama hadi saa 16 kwa siku. Mtoto akasoma, akawa mwanafizikia mjini Jena na mshirika wa Carl Zeiss. Mwaka 1873 alionyesha kuwa hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga. Mwaka 1900 wafanyakazi wa Zeiss wakapata siku ya kazi ya saa 8. Alifariki 1905.

Waliovuka mpaka huo walitunukiwa Nobel mwaka 2014. Leo protini za misuli ya moyo, zilizoonekana kama ukungu, zinapambanuliwa, na wataalamu wanaona mpangilio wake unavyovurugika moyo unapougua.