SEYYID BARGHASH: KUTOKA TANGA HADI MVUKE

Huenda wewe unaishi Kilolo, katika milima ya Iringa, mbali na bahari. Hata hivyo, umepata kuona jani likielea mtoni na jiwe likizama. Kama umefika kwenye Bwawa la Mtera, umeona pia mitumbwi ya wavuvi. Sasa utasoma habari za mtu ambaye, katika uhai wake, vyombo vya baharini viligeuka kutoka mbao na tanga kuwa chuma na mvuke. Mtu huyo ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar.

Barghash alizaliwa karibu mwaka 1837. Baba yake, Seyyid Said, alitawala Omani na Zanzibar. Siku hizo pwani yetu ilijaa majahazi na mitepe. Mbao za jahazi zilipigiliwa misumari. Za mtepe zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Nyufa zilizibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta, ili maji yasipenye. Vyombo hivyo vilitegemea upepo. Kaskazi ilivileta kutoka Arabuni na Bara Hindi, na Kusi ikavirudisha. Nahodha aliyechelewa alingoja miezi mingi. Vilibeba karafuu na pembe za ndovu. Vilibeba pia watumwa, watu walionyakuliwa makwao na kuuzwa ng'ambo. Utajiri wa masultani ulitokana kwa sehemu na biashara hiyo ya kikatili.

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini, ndani ya merikebu yake, karibu na visiwa vya Shelisheli. Barghash alikuwa pamoja naye, akaileta maiti ya baba yake Unguja. Mwaka 1859 alijaribu kumnyang'anya ndugu yake Majid utawala, akashindwa. Alihamishiwa Bombay, mji wa Bara Hindi uliosifika kwa kujenga merikebu za mti wa msaji. Majid alipofariki mwaka 1870, Barghash akawa Sultani.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja. Merikebu za Sultani na majahazi mengi viliharibika, na mikarafuu na minazi mingi iling'oka. Mwaka uliofuata Waingereza walimshurutisha Barghash kutia sahihi mkataba wa kukomesha kusafirisha watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Barghash hakurudia vyombo vya zamani tu. Mwaka 1878 alijengewa huko Uskoti meli iliyoitwa Glasgow. Mataruma yake yalikuwa ya chuma, na mbao zake za msaji. Ilikuwa na milingoti mitatu ya matanga, na pia mtambo wa mvuke. Alinunua pia meli za mvuke zilizobeba bidhaa kati ya Unguja na Bombay. Meli ya mvuke huchoma makaa ili kuchemsha maji. Nguvu ya mvuke huendesha mtambo, na mtambo huizungusha rafadha inayoisukuma meli. Meli kama hiyo haingoji Kaskazi wala Kusi.

Je, chuma kizito huelea namna gani? Chombo hukaa majini na kuyasukuma maji pembeni. Iwapo maji yanayosukumwa yanafikia uzito wa chombo chote, chombo huelea. Msumari ni mdogo, nao husukuma maji machache kuliko uzito wake. Kwa hiyo huzama. Meli ina uwazi mkubwa uliojaa hewa, nayo husukuma maji mengi.

Barghash alifariki mwezi Machi 1888. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji wa Zanzibar kwa mizinga. Meli ya Glasgow ilitobolewa, maji yakaingia mahali pa hewa, ikazama bandarini. Ufundi uliiwezesha kuelea, lakini haukuweza kuilinda na vita.

JARIBIO
Chukua karai la maji, msumari na kopo tupu la bati.
1. Tia msumari majini. Unaona nini?
2. Weka kopo juu ya maji, mdomo ukiangalia juu. Unaona nini?
3. Tia vijiwe koponi kimoja kimoja. Hesabu vijiwe hadi kopo lizame.
4. Toa vijiwe. Mwombe mwalimu atoboe kitako cha kopo, kisha uliweke tena majini. Eleza linalotokea.

MASWALI
1. Kwa nini nahodha wa jahazi alingoja msimu wa upepo?
2. Kalafati ina kazi gani?
3. Taja tofauti mbili kati ya mtepe na meli ya Glasgow.
4. Kwa nini kopo la bati huelea, ilhali msumari huzama?