Carey Francis: Mwalimu Mkuu Aliyerudi Darasani

Ari ya mwalimu haizuki katika ombwe. Mwalimu aliyepangiwa shule iliyozungukwa na mashamba ya chai ya Kericho au Bomet, mbali na kwao, huamua kukaa au kuomba uhamisho kwa kutegemea, pamoja na mengine, mwalimu mkuu anayemkuta pale. Maisha ya Edward Carey Francis yanalimulika suala hili, japo shule zake zilikuwa kwingine nchini Kenya.

Francis alizaliwa London mwaka 1897. Alipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akasomea hisabati Cambridge na kuwa mhadhiri huko. Mwaka 1928 aliiacha kazi hiyo yenye heshima, akaja Maseno akiwa mmishenari kuiongoza shule. Mwaka 1940 alihamia Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, iliyoanzishwa mwaka 1926, akaiongoza hadi 1962.

Uongozi wake haukuishia ofisini. Alifundisha hisabati mwenyewe, alikagua usafi, na alionekana uwanjani miongoni mwa wanafunzi. Hakuoa, shule ndiyo iliyokuwa maskani yake. Mwalimu aliyekuwa chini yake alidaiwa bidii na mtu aliyejidai bidii hiyo kwanza.

Hata hivyo, Francis alikuwa mkali, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Hakuvutiwa na siasa za ukombozi, ingawa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 aliulaani ukatili wa askari wa serikali. Hapa ndipo penye funzo gumu: utamaduni wa shule unaomtegemea mtu mmoja humpa mwalimu kielelezo, lakini haumpi sauti.

Alipostaafu mwaka 1962, Francis hakurudi Uingereza kupumzika. Alikwenda Pumwani, Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida chini ya uongozi wa mtu mwingine. Baadhi ya wanafunzi wake wa zamani walikuwa viongozi wa taifa huru. Yeye alikuwa akisahihisha madaftari. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1966.

Kwa wakuu wa shule za Kericho na Bomet, kielelezo hicho kinafaa kurithiwa, pamoja na jambo alilolipunguza: kumsikiliza mwalimu.