William Blake na Watoto wa Masizi

William Blake alizaliwa mjini London tarehe 28 Novemba 1757, mwana wa muuza soksi, akabatizwa katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, Piccadilly. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alipelekwa kwa fundi James Basire, akajifunza kwa miaka 7 kuchonga picha juu ya mabamba ya shaba. Mwaka 1782 alimwoa Catherine Boucher, ambaye siku ya arusi alitia alama tu kitabuni, maana hakujua kuandika. Mumewe akamfundisha, naye akawa msaidizi wake katika kupiga chapa na kutia rangi.

Siku zile watoto wa maskini waliuzwa kwa wasafishaji wa dohani. Waliingizwa ndani ya dohani nyembamba kukwangua masizi. Sheria ya mwaka 1788 ilikataza kuwatumia walio chini ya miaka 8, lakini haikufuatwa.

Blake alilishika jambo hili kwa ushairi. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 alitwaa mizani nyepesi ya nyimbo za watoto, mishororo ikifuatana miwili miwili kwa vina, akamwacha mtoto aseme mwenyewe. Mtoto huyo aliuzwa kabla ulimi wake haujakomaa. Kwa Kiingereza, mwito wa kazi yake ukikosa sauti ya kwanza huwa neno la kulia. Basi kila anapotangaza kazi, analia. Kisha anamwambia msomaji, bila hasira, kwamba dohani anazosafisha ni zake huyo msomaji.

Mwaka 1794 likafuata shairi la pili. Mtoto yu peke yake katika theluji. Wazazi wake wamekwenda kanisani kusali. Sisi tuendao kanisani hatuwezi kulisoma na kupita.

Mwaka 1824 James Montgomery alilitia lile shairi la kwanza katika kitabu cha kuwatetea watoto hao. Blake alifariki tarehe 12 Agosti 1827, akiwa maskini, akazikwa Bunhill Fields. Sheria iliyoikomesha kazi ile kweli ilipatikana mwaka 1875, miaka 48 baadaye.

Wapenzi wasomaji, Jumapili tunapotoka nyumbani na vitabu vyetu vya nyimbo, na tutazame nyuma: ni mtoto wa nani tuliyemwacha jikoni akiosha vyombo?