James Chapin, aliyehesabu ndege wa Kongo na kumkuta tausi juu ya kabati

Ukitoka Mweso, ukapita Kashuga na kushika barabara ya Kalembe kuelekea Pinga, unaacha mashamba na malisho ya Masisi na kuingia upande wa Walikale, ambako msitu unazidi kuwa mnene kadiri unavyoshuka bondeni. Ndani ya msitu huo anaishi ndege mmoja mkubwa, mwenye ukubwa unaokaribia ule wa kanga na kuupita. Hadi mwaka wa 1936 hakuwa kwenye kitabu chochote cha sayansi duniani. Ni tausi wa Kongo. Aliyemwandikisha ni Mmarekani James Paul Chapin, na habari ya maisha yake inasaidia kuelewa kwa nini wataalamu wa leo bado hawapatani juu ya idadi ya aina za viumbe, hasa zile za baharini.

Chapin alizaliwa New York tarehe 9 Julai 1889. Alikulia Staten Island, akaanza mapema kuchunguza ndege, na akiwa bado kijana alipata kazi katika Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili la Marekani. Aliingia chuo kikuu cha Columbia lakini hakukaa. Mwaka wa 1909, akiwa na miaka 19, alichaguliwa kuwa msaidizi wa Herbert Lang katika safari ya kukusanya wanyama wa Kongo, ambayo wakati huo ilikuwa imetoka tu mikononi mwa mfalme Leopold II na kuwa koloni la Ubelgiji. Safari ilipangwa kuchukua miaka miwili. Walikaa karibu sita.

Walipanda mto hadi Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kisha wakaendelea kwa miguu kupitia Avakubi, Medje, Niangara na Faradje. Waliporudi Marekani mwaka wa 1915 walikuwa na ngozi za ndege zaidi ya 6,000, maelfu ya wanyama wengine, samaki, wadudu, na picha karibu 10,000. Mizigo hiyo yote ilibebwa vichwani na wapagazi Wakongomani. Wakongomani ndio waliowinda, wakachuna, wakakausha na kuonyesha mahali ndege fulani analala. Majina yao hayako juu ya majalada ya vitabu, na hesabu yote iliyofuata ilisimama juu ya ujuzi wao.

Huko Avakubi, mwaka wa 1913, Chapin aliona kofia ya mwenyeji iliyopambwa kwa unyoya mwekundu-kahawia wenye mistari myeusi. Aliwajua ndege wengi wa Ituri, lakini unyoya ule hakuweza kuuambatisha na ndege yeyote. Akaurudisha nao New York. Ukakaa huko zaidi ya miaka ishirini bila jibu.

Katika miaka hiyo Chapin alitumikia jeshi la Marekani huko Ufaransa, akamaliza masomo, akarudi Kongo mara kadhaa, na kuandika kazi kubwa ya maisha yake juu ya ndege wa Kongo ya Wabelgiji. Ilitoka katika vitabu vinne, cha kwanza mwaka wa 1932 na cha mwisho mwaka wa 1954. Mtu anaweza kufikiri kuhesabu aina za ndege ni kujumlisha tu. Sivyo. Dume, jike na kinda wa aina moja wanaweza kutofautiana hata mzungu mmoja akawaandika kama aina tatu. Kinyume chake, ndege wawili wanaofanana wanaweza kukaa chini ya jina moja kwa miaka hamsini. Basi hesabu hupanda mtu anapogundua, na hushuka mwingine anaposahihisha.

Tena Chapin alionyesha kwamba nchi hii si uwanja mmoja. Aliigawa kwa kanda kufuatana na msitu, savana na milima. Ndege wa milima ya Kivu si wale wa msitu wa chini, hata kama ni mwendo wa siku chache tu kati yao. Mtu wa Kashuga analiona jambo hilo bila kitabu: baridi ya Masisi na joto la Walikale havilei vitu vilevile. Lakini kwa mwenye kuhesabu ni tatizo kubwa, maana idadi aliyoipata mahali pamoja haiwezi kunyooshwa tu kufunika nchi nzima.

Mwaka wa 1936 Chapin alikuwa Tervuren, karibu na Bruxelles, akifanya kazi katika jumba la makumbusho la Kongo. Katika ujia mmoja, juu ya kabati, aliona ndege wawili waliojazwa pamba na kuachwa hapo kwa vumbi. Walikuwa wametoka katika mali ya Kampuni ya Kasai, iliyotolewa kwa jumba hilo mwaka wa 1914. Kibao chao kiliwataja kuwa tausi wachanga wa Asia walioletwa kutoka nje. Chapin alimtazama jike na kuukumbuka unyoya wa Avakubi. Ulikuwa wake.

Tausi wawili waliojulikana kwa sayansi walikuwa wote wa Asia. Afrika haikufikiriwa kabisa kuwa na tausi wake. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Chapin alimtangaza kwa jina la Afropavo congensis. Dume ana rangi ya buluu iliyoiva inayong'aa zambarau na kijani, ngozi nyekundu shingoni, na kishungi cheupe kichwani. Jike ni wa kahawia na kijani. Hana mkia ule mrefu wa tausi wa bustani za matajiri, na pengine ndiyo sababu hakuna mzungu aliyemtazama mara mbili.

Mbelgiji mmoja aliyefanya kazi katika migodi ya Kongo alimweleza Chapin kwamba ndege wa namna hiyo alishamla mezani mwaka wa 1930. Mwaka wa 1937 Chapin alirudi Kongo kwa ndege, akakuta wengine wameshakusanywa wakimngoja Stanleyville, kisha akaingia mwenyewe msituni na kumwona akiwa hai. Wakaaji hawakuona ajabu yoyote. Walikuwa wakimtega, wakimla na kuvaa manyoya yake tangu zamani. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza.

Ndege ndio viumbe vinavyofuatwa na kuandikwa kuliko karibu vyote. Ikiwa mmoja wao, mkubwa hivyo, alipita katika hesabu hadi 1936, mtu afikiri juu ya bahari, ambako anayehesabu anashusha wavu gizani na kuutoa na alichobahatisha. Kuanzia mwaka wa 2000 hadi 2010 wanasayansi zaidi ya 2,700 kutoka nchi zaidi ya 80 walifanya sensa ya viumbe vya baharini. Mwaka wa 2011 kundi moja la wachunguzi lilikisia kwamba baharini kuna aina milioni 2.2, na kwamba 91 kati ya kila 100 hazijaandikwa bado.

Njia yao inafanana na kukisia vijiji bila kuvitembelea. Kashuga iko katika kundi la Bashali-Mokoto, usultani wa Bashali, wilaya ya Masisi, jimbo la Kivu ya Kaskazini. Majimbo na wilaya zinajulikana zote, na makundi karibu yote. Mtu akiona namna idadi inavyoongezeka kutoka ngazi moja hadi nyingine, anaweza kukadiria vijiji ambavyo hakuna aliyeviandika. Viumbe navyo vina ngazi, na ngazi za juu zinajulikana vizuri kuliko aina zenyewe. Ni akili nzuri, ila inategemea kwamba ngazi zimepangwa sawasawa, jambo ambalo si la hakika.

Mwaka uliofuata wataalamu wengine walipita kila kundi la viumbe vya baharini moja moja, wakapata kadirio dogo zaidi: kati ya aina 700,000 na milioni moja. Zilizokwisha kuandikwa zilikuwa kama 226,000. Walikuta pia majina kama 170,000 yaliyokuwa marudio, kiumbe kimoja kimebatizwa mara mbili au zaidi. Halafu wakakisia kwamba aina kati ya 58,000 na 72,000 zimeshavuliwa na ziko katika majumba ya makumbusho zikingoja mtu wa kuzitambua. Hao wako palepale alipokuwa tausi wa Kongo kabla ya Chapin kuinua macho. Kiumbe kisicho na jina kinaweza kuisha bila mtu yeyote kuandika kwamba kimeisha, na katika misitu ya Walikale mitego, mashimo ya madini na vita havingoji orodha ikamilike.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Chapin alitumwa Leopoldville, ambako alifanya kazi ya ujasusi kwa ajili ya Marekani. Mtu anayezunguka na darubini akitafuta ndege hakuhitaji kueleza mengi. Katika miaka ya 1950, akiwa mzee, alirudi tena pamoja na mke wake Ruth, wakakaa Kivu, upande wa Lwiro, ambako Wabelgiji walikuwa na kituo cha utafiti. Alifariki New York tarehe 5 Aprili 1964, kitabu chake cha nne kikiwa na miaka kumi tu.

Hesabu yake ilikuwa imeshaanza kubadilika mbele ya macho yake. Mwaka wa 1951, katika milima ya Itombwe huko Kivu ya Kusini, alipatikana bundi mmoja ambaye hakujulikana kabisa. Wa pili alinaswa mwaka wa 1996.